Namna ya Kumlea Mwalimu Mkaidi

Mahitaji: darasa zima la wanachuo wa mwaka wa pili, fimbo moja, daftari la adhabu, bahasha ya kaki, sarafu nyingi za shilingi 500, birika la chai, na mwanachuo mmoja mwenye kipaji cha kukunja uso. Vyote vinapatikana chuoni bila kumwandikia mhasibu dokezo. Muda wa kazi ni muhula mzima. Kitakachopatikana mwishoni ni mwalimu mkaidi mwenye adabu zake zote, asiyekubali kutenda baya kwa sababu tu mkubwa wake kamtuma.

Ukaidi nimeuchagua kwa makusudi, mkufunzi. Vyuo vyetu vya ualimu vinajua sana kulea utii. Mwanachuo anaamka kwa kengele, anafagia kwa zamu, anasimama mkufunzi akiingia, anapiga saini ya mahudhurio, anakula ugali kwa foleni. Akifika kituo chake cha kazi anaendelea hivyo hivyo: anamtii mkuu wa shule, anamtii mwalimu wa nidhamu, anamtii Afisa Elimu Kata, na juu ya wote hao anaitii desturi ya ofisi ya walimu aliyoikuta. Mabaya mengi ya shuleni hayahitaji mtu katili. Yanahitaji mtu mmoja aliyezoea kuamuru na wenzake kadhaa waliozoea kuitikia.

Oktoba 2016 nchi nzima iliona video iliyopigwa ndani ya ofisi ya walimu ya Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anapigwa na kundi la vijana wa kiume waliovaa nadhifu. Vijana hao walikuwa wanachuo, wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, yaani BTP kama wenyewe tunavyoiita. Profesa Joyce Ndalichako, waziri wa elimu wakati ule, aliagiza wafukuzwe vyuoni. Hatua ile ilistahili. Lakini kila mkufunzi aliyeitazama ile video alibaki na kazi ya nyumbani: kati ya vipindi vyote tulivyowafundisha, ni kipi kilichomwandaa hata mmoja wao kusema “jamani, acheni, mwachieni” na sauti ikatoka?

Tuanze kazi.

Kwanza, liondoe swali la “taja na ueleze”

Kanuni za maadili ya kazi ya ualimu zinaeleza wajibu wa mwalimu kwa mtoto, kwa jamii, kwa taaluma yake, kwa mwajiri na kwa taifa. Ni kanuni njema na zina meno: mwalimu wa shule ya umma anayezivunja anakutana na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 25 ya mwaka 2015. Zibandike ukutani. Kisha acha kuzitungia maswali ya kukariri, maana mwanachuo anaweza kuzimwaga zote tano kwenye karatasi, akapata alama nzuri, na jioni ileile akamsainia mahudhurio mwenzake aliyekwenda mjini.

Tunga swali la namna hii: “Ni Ijumaa mchana. Mwalimu wa taaluma anakuomba uwaongezee alama wanafunzi saba wa kidato cha pili ili wastani wa shule upande. Nyumba unayoishi ni ya shemeji yake. Andika maneno utakayomwambia.” Sahihisha maneno hayo tu. Mwanachuo akianza kukueleza umuhimu wa uadilifu katika jamii, kata mstari uandike pembeni: mwalimu wa taaluma bado amesimama, anasubiri jibu.

Wenzako watakwambia muda hautoshi. Nchi hii inayajua vizuri mafunzo ya haraka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, mbio za elimu ya msingi kwa wote zilipowapeleka vijana waliomaliza darasa la saba kufundisha huku wakijifunza ualimu kazini, waliitwa walimu wa UPE. Katikati ya miaka ya 2000, sekondari za kata zilipochipuka kila mahali, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakakabidhiwa chaki, na mtaani wakaitwa “voda fasta”, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu papo hapo. Wengi wao walijitahidi kupita kiasi, na wapo waliorudi kusoma wakawa walimu hodari. Lakini mtu hapati muda wa kujifunza kukataa ndani ya wiki nne wakati hata kuandika azimio la kazi hajajua. Wewe una muhula mzima. Utumie.

Zoezi la shikamoo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na usipaharakishe.

Panga meza moja na viti viwili mbele ya darasa. Weka birika la chai mezani ili pafanane na ofisi ya walimu saa nne asubuhi. Yule mwenye kipaji cha kukunja uso ni makamu mkuu wa shule: ana miaka 54, ameanza kazi kabla mwenzake hajazaliwa, na ndiye atakayejaza fomu ya tathmini ya BTP. Mwanachuo wa pili anabaki alivyo, wiki yake ya pili shuleni, hajui hata choo cha walimu kiko wapi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, kijana. Aa, umekuja wakati mzuri. Wale wa Fomu Tu B wamechelewa namba tena, wako nje wamepiga magoti. Shika hii, uwapitie sita sita. Mimi nawahi kikao.”

Mara ya kwanza mwanachuo ataipokea fimbo. Darasa litacheka, na yeye mwenyewe atashangaa kuiona mkononi mwake, kwa sababu mkono umetangulia kabla ya akili. Usimkaripie. Mwambie arudie.

Mara ya pili atasema mkono unamuuma. Msimamishe hapo hapo. Mkono huo utapona kesho, na kesho fimbo itakuwa mezani palepale. Tena amemfundisha makamu kwamba tatizo ni mkono.

Mara ya tatu atajaribu ushujaa. Atasimama wima, atataja kanuni na mwaka wake, atamwambia mtu mzima mbele za watu kwamba anavunja sheria. Darasa litapiga makofi. Wewe usipige. Makamu amekwisha kufunga masikio. Kuanzia sasa yule kijana ni “wale wajuaji wa chuoni,” na watoto walio nje watapigwa na mwingine, pengine kwa hasira zaidi.

Mara ya nne, ya tano, ya sita, mfinyange mpaka afikie maneno kama haya: “Mwalimu, naomba uniwie radhi. Mimi ni mgeni hapa na sina idhini ya mkuu ya kuchapa. Naomba unikabidhi hao watoto, nikae nao, nijue wanaochelewa wanatoka wapi, nikuletee majina na sababu kabla ya saa sita.” Shikamoo iko palepale. Unyenyekevu uko palepale. Fimbo imebaki mezani.

Usimalizie hapo. Makamu lazima asukume: “Nyie wa siku hizi mnafundishwa kuwaogopa watoto?” Kukataa mara ya kwanza kila mtu anaweza akijipa moyo, mara ya pili ndipo magoti yanapolegea. Mwanachuo ajifunze kurudia ombi lake lilelile kwa sauti ileile, bila kuongeza hoja mpya, maana kila hoja mpya ni mlango wa mabishano. “Nimekuelewa, mwalimu. Bado naomba uniwie radhi.” Kila mwanachuo apite kwenye kiti hicho, wasichana kwa wavulana, tena zaidi ya mara moja, na makamu abadilike: leo mkali, kesho mcheshi anayemwita “mwanangu,” keshokutwa mama mpole anayemnunulia maandazi. Kumkatalia mama wa maandazi ni kugumu kuliko wote.

Ninalisisitiza zoezi hili kwa sababu heshima kwa mkubwa ni kitu kizuri tulicholelewa nacho, na mafunzo ya maadili yanayomtaka kijana aivue ili awe mwadilifu hayataingia moyoni mwake. Kiswahili kimejaa njia za kukataa bila kumvunjia mtu heshima: niwie radhi, nina ombi, nipe ruhusa nikuulize, kwa hili nitakuangusha. Watoto wa pwani wanazijua tangu nyumbani. Zihamishie darasani.

Sasa leta daftari la adhabu. Kwa kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda awe hayupo shuleni. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari, mkuu aweke sahihi. Mpe mwanachuo kalamu ajaze ile “sita sita” ya asubuhi: jina la mtoto, kosa, idadi, aliyechapa, aliyeidhinisha. Akifika kwenye idadi atasita. Akifika kwenye idhini ataweka kalamu chini. Dakika tano za kujaza daftari hilo zinafundisha kuliko slaidi arobaini.

Mimi ningependa fimbo iondoke shuleni kabisa, kama Kenya ilivyoipiga marufuku mwaka 2001. Lakini mwanachuo wako wa Butimba au Mpwapwa atafanya kazi chini ya kanuni hizi, siyo chini ya matamanio yangu, na wengi wa wanaochapa hawajawahi hata kuzisoma.

Kisha zungumza nao kuhusu Bukoba. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za kuiba mkoba. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu hatiani kwa mauaji na kumhukumu adhabu ya kifo. Simulia bila kuremba, nyamaza kidogo, halafu waulize: ungekuwa darasa la jirani ukasikia kilio, ungeingia kwa kisingizio gani? Waandike vitano. Kuomba chaki. Kumwambia mwalimu ana mgeni. Kumchukua mtoto “anaitwa ofisini.” Visingizio vya kumwokoa mtoto vinaruhusiwa, na alama zake ziwe za juu.

Bahasha

Mwanachuo mmoja akae mezani na bahasha. Wenzake wapite kama wanafunzi wanaolipia mtihani wa Jumamosi, kila mmoja na 500 yake. Mpangilie fujo: mmoja ana noti ya 5,000 na anataka chenji, wa pili ana 200 anasema mama atamalizia Jumatatu, wa tatu anaapa alilipa jana. Katikati ya zoezi mpigie simu mkusanyaji umwambie anaitwa na mkuu upesi. Baada ya dakika ishirini mwulize ana shilingi ngapi na kutoka kwa nani. Hatajua. Hajaiba hata senti, na tayari hawezi kujitetea.

Halafu mpe jaribu lenyewe: “Gesi imekuishia nyumbani na mshahara haujaingia. Bahasha iko kabatini mpaka Ijumaa.” Wizi wa michango shuleni huanza kama mkopo mdogo wa kujikopesha. Kwa hiyo wafundishe vitu vidogo vya mkono: jina liandikwe kabla ya pesa kupokelewa, wahesabu wawe wawili, stakabadhi itoke palepale, na pesa isilale kwa mwalimu hata usiku mmoja. Bora zaidi, wafundishe kutoigusa. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango kwa wanafunzi. Mwanachuo ajue kumwambia mkuu wake: “Mwalimu, hili naomba liende kwa kamati ya shule, sisi tubaki na ufundishaji.” Na mtoto wa shilingi 200 asirudishwe nyumbani. Hilo halina mjadala.

Twisheni ina hila yake. Mwalimu hufundisha nusu ya mada asubuhi na kuiacha ile nusu tamu kwa jioni ya kulipia. Namna ya kuitambua ni rahisi: mwanachuo aandike andalio la somo, kisha aandike na la twisheni ya mada hiyohiyo. Kama la jioni lina mifano bora kuliko la asubuhi, asomewe yote mawili kwa sauti mbele ya wenzake.

Jogoo naye atakuja. Mzazi wa kijijini atakuja na jogoo wa shukrani, amemfunga miguu kwa kamba ya katani, na kumkataa ni kumtukana mzazi. Apokewe kwa mikono miwili, apelekwe ofisini mchana kweupe, mkuu aambiwe katoka kwa nani, aliwe na wote. Jogoo aliyekuja kabla ya mtihani arudi na mwenyewe, kwa maneno haya: “Mama, huyu tumtunze mpaka matokeo yatoke. Tutamla pamoja.”

Somo la deni

Hili sijaliona kwenye muhtasari wowote wa maadili, nami naliweka mbele ya mada nyingi zilizomo.

Mwalimu mpya anapangiwa kituo mbali na kwao. Anafika na begi na godoro. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, mwenye nyumba anataka kodi, na mjini kuna mtu anayetoa mikopo bila maswali. Mikopo hiyo watu wameshaipa jina: kausha damu. Dhamana yake mara nyingi ni kadi ya benki na namba ya siri, ambazo mkopeshaji anabaki nazo. Fanya hesabu ubaoni. Mkopo wa shilingi 100,000 unaorudishwa 130,000 mwisho wa mwezi: mwalimu asipoweza kuumaliza, akawa analipa riba tu, baada ya miezi sita ametoa 180,000 na bado anadaiwa laki yake. Sasa mtazame mwalimu huyo akiingia darasani lenye watoto themanini na bahasha ya mitihani. Namna atakavyomjibu mzazi mwenye pesa na atakavyomtazama mtoto asiye nayo imeanza kuamuliwa na deni.

Waite afisa wa benki au wa SACCOS ya walimu aje asome nao mkataba wa mkopo mstari kwa mstari. Kila mwanachuo aandike bajeti ya miezi mitatu bila mshahara: unga, mafuta, nauli, kodi, na nani wa nyumbani atakayeombwa msaada kabla ya mkopeshaji. Mwanachuo aliyejipanga hivyo atakuwa na nguvu ya kuwa mkaidi. Mwenye kadi ya benki mfukoni mwa mtu mwingine hana.

Nyumba ya mwalimu

Sema waziwazi, na usiache wavulana wakicheka. Wanachuo wako wana miaka ishirini na kidogo. Kidato cha nne watakachofundisha kina wasichana wa miaka kumi na saba, kumi na nane. Umri unakaribiana, mamlaka hayakaribiani hata kidogo. Mmoja anashika kalamu nyekundu, mwingine anasubiri alama.

Sheria iko wazi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anarudi shuleni, kwa hiyo mwalimu wako atamfundisha pia mama wa mtoto mchanga, na atatakiwa kumwita kwa jina lake bila mafumbo mbele ya darasa.

Lakini miaka 30 haimzuii mtu siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza hakuna kosa. Kuna madaftari tu. Mwalimu anasema, “Nibebee haya madaftari mpaka nyumbani.” Kesho yake ni ndoo ya maji. Wiki ijayo ni kuosha vyombo kwa sababu mwalimu ni kapera na watoto ni wakarimu. Shule nzima inaona, na hakuna anayeona ajabu. Mwanachuo ajifunze kuikata njia hiyo mwanzoni kabisa: madaftari yaishie ofisini, maji achote mwenyewe au alipe mtu mzima, mazungumzo na mwanafunzi yafanyikie mahali watu wanapopita, na namba yake ya simu isiwe kwa mwanafunzi mmojammoja.

Fanya na zoezi la pili, fupi. Walimu wamekaa chini ya mwembe, mmoja anasema kuhusu mwanafunzi, “Yule binti ameiva sasa.” Wote wanacheka. Mwanachuo ana sekunde tatu. Maneno yapo na hayazidi pumzi moja: “Mwalimu, huyo ni mtoto wetu.” Yatamkwe bila tabasamu. Mara nyingi mazungumzo yatahamia kwenye mpira, na hiyo inatosha kwa siku ile.

Yasipotosha, ajue pa kwenda. Ofisini atasikia “funika kombe mwanaharamu apite,” kwamba shule isichafuliwe jina. Ampelekee taarifa mkuu wa shule. Mkuu akiwa ndiye mhusika, kuna Afisa Ustawi wa Jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kuna simu ya bure 116 ya kuwasaidia watoto. Waiweke namba hiyo kwenye simu zao mbele yako, kabla kipindi hakijaisha.

Mtihani wa taifa

Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba kwa shule zote za msingi za wilaya ya Chemba, pamoja na ya shule kadhaa za Kondoa, Mwanza na Dar es Salaam, watoto wakarudia mtihani tarehe 8 mwezi huohuo. Waulize wanachuo: mtoto wa Chemba aliyesoma kwa juhudi zake na hakuona jibu lolote lililovuja, mwalimu wake alimweleza nini asubuhi ile ya kurudia? Waache wahangaike na jibu. Kisha wafundishe neno la kukataa la mada hii, kwa sababu ombi lenyewe huja limevaa huruma: “Tuwasaidie watoto, mwalimu.” Jibu: “Niruhusu niwasaidie kuanzia leo mpaka siku ya mtihani, hata usiku. Siku yenyewe naomba nisiwepo.”

Sasa zamu yako, mkufunzi

Siku moja, bila kutangaza, mwambie kiongozi wa darasa awasainie mahudhurio wenzake watano wasiokuwepo, “ili mambo yaende.” Tazama. Akisaini, umepata pa kuanzia. Akikataa, mpongeze mbele ya wote, tena kwa jina. Vyovyote itakavyokuwa, waambie ukweli siku hiyohiyo na ufute saini hizo mbele yao, maana zoezi la maadili linalokaa kama mtego ni fedheha kwa aliyeliweka.

Halafu jikague kwenye BTP, mahali ambapo wanachuo wanakusoma vizuri kuliko unavyowasoma. Umefika shuleni saa nne, una wanachuo sita wa kuwaona kabla ya basi la saa nane. Mmoja anakuletea faili la maandalio ya somo ya wiki tatu. Wino ni mmoja, mwandiko haujachoka popote, na karatasi zinanukia jana usiku. Unajua. Naye anajua kwamba unajua. Ukiweka tiki na sahihi, umemfundisha namna ya kuifanya kazi ya ualimu kwa miaka yote iliyobaki: karatasi kamili, jambo lenyewe hewani. Mwombe andalio moja tu, la somo la leo, mlisome mkiwa mmekaa pamoja darasani kwake. Moja la kweli litoshe.

Na chakula cha mchana. Kama wanachuo wamechanga ili msimamizi ale wali na kuku, uliza kila mmoja katoa kiasi gani, warudishie, ukale kwa mama ntilie na posho yako. Usiwatolee hotuba juu yake.

Kuhusu alama za msichana aliyeambiwa na mkufunzi aje ofisini saa moja jioni: chuo kinachowafundisha wengine kuhusu nyumba ya mwalimu huku ofisi ya namna hiyo ina kufuli na pazia, kifunge kwanza ofisi. Nimetumia muda mwingi kueleza namna ya kumkatalia makamu mkuu wa shule. Wanachuo wana haki ya kujua namna ya kumkatalia mkufunzi, nani atakayepokea malalamiko yao ndani ya chuo, na kwamba atakayelalamika hatafeli kwa sababu hiyo. Hayo yaandikwe, yabandikwe karibu na zile kanuni tano.

Kutunuku

Mtihani wa mwisho ni wa dakika kumi kwa kila mwanachuo. Mwenye uso wa kukunja awe mgeni wanayemwogopa kweli: mkuu wa shule mstaafu kutoka mtaani, aliyeambiwa asiwahurumie. Mwanachuo anaingia, anasalimia, anapewa ombi moja kati ya haya: fimbo, alama za wale saba wa kidato cha pili, bahasha, binti wa madaftari, au majibu ya mtihani. Haambiwi mapema ni lipi.

Gawa alama kama ifuatavyo. Kumi kwa kukataa. Kumi kwa kukataa akiwa bado anamheshimu mtu mzima aliye mbele yake. Kumi kwa kumpa njia nyingine ya kufika alikotaka kufika, kama njia hiyo ipo. Ishirini kwa kukataa mara ya pili, baada ya mstaafu kupandisha sauti au kutoa maandazi. Mkono unaouma, gesi iliyoisha na “nitafikiria” ni sifuri.

Aliyeshinda apewe barua yake ya kuhitimu na namba yako ya simu, na umpigie wewe mwisho wa mwezi wa kwanza kazini, kwa sababu ofisi mpya ya walimu ni ngumu kuliko mstaafu yeyote. Aliyekubali kila alichoombwa arudie somo muhula unaofuata, na mtu wa kufanya naye mazoezi awe mstaafu yuleyule.